Namna ya Kuunda Gari la Bati bila Kununua Chochote Gulioni

Kwanza hakikisha huna hela. Hili ndilo sharti gumu, na wazazi wengi wa kwetu Kabanga siku hizi wanalishindwa mapema. Wanakwenda Kasulu mjini, wananunua gari la plastiki lenye taa za kuwaka, linavunjika kabla ya chakula cha jioni, na mtoto hata halii. Alie nini? Kilichopotea ni hela ya baba yake. Kama unataka mwanao apate gari kama ulilokuwa nalo wewe, fuata mwongozo huu.

Tafuta ndala iliyokufa. Matairi hutoka kwenye soli ya kandambili, na kandambili ikiwa hai ni mali ya mwenye miguu. Itakatika mkanda, itapigwa msumari kwa chini. Itakatika tena, itafungwa waya. Kisha itashushwa cheo iwe ya chooni, na huko inaweza kutumikia miaka. Kuiharakisha ife ni jinai, na hukumu yake ni fimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, hata sabuni ilipangiwa foleni, na ndala iliishi kuliko mbuzi. Mambo yalilegea kuanzia 1984, serikali iliporuhusu wafanyabiashara wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Wachumi wameiandika sana sera ile, ila hawajasema lolote kuhusu mchango wake katika sekta ya matairi.

Sasa omba kufuatana na mama gulioni. Usimwambie unachofuata. Yeye atajitwika maharage, wewe utapewa kuku, umshike miguu, kichwa chini, na utembee bila kuuliza tumebakiza mwendo gani. Maharage yakishauzwa ndipo manunuzi yanaanza: chumvi ya Uvinza, mafuta ya taa kwenye chupa uliyokuja nayo, kipande cha sabuni ya mche, mawese kutoka kwa watu wa ziwani. Ikiwa Krismasi inakaribia, kitakatwa kitambaa kimoja kwa watoto wote, ili mkienda kanisani mhesabike kwa urahisi.

Viatu vya mdogo wako aliyebaki nyumbani hununuliwa kwa kijiti kilichokatwa sawasawa na unyayo wake. Kukishika kijiti hicho ni kazi yako. Ukikipoteza, usilie wala usikiri. Vunja kingine kwa kukisia, na ukosee kwa kuongeza. Mguu wa mtoto hukua, kiatu hakikui.

Wakati mama anabishana bei, macho yako yawe chini. Penye soda pana visoda. Halafu umtafute fundi wa miavuli, maana ekseli nzuri kuliko zote ni njiti ya mwavuli. Usiombe. Mwamkie, "Shikamoo mzee," ukae pembeni, umwokotee sindano ikidondoka. Baada ya muda atauliza wewe ni mtoto wa nani. Mtaje babu yako, si baba. Babu anajulikana zaidi, na madeni yake yameshasahaulika. Utaondoka na njiti mbili zilizovunjika.

Bati hutegemea ulizaliwa lini. Sisi tulikata makopo ya aina yoyote yaliyopita mbele yetu. Wadogo zetu waliofuata walipata neema: kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, makopo ya mafuta ya msaada yalianza kuonekana hata nje ya kambi, mapana, yenye maandishi ya Marekani ubavuni. Ukayakuta magari ya Kasulu yamesajiliwa ng'ambo na dereva hajavuka hata Malagarasi.

Kata kwa kisu cha jikoni mama akiwa shamba. Kunja kingo zote, la sivyo utazikumbuka kila ukishika kalamu. Pasha moto mdomo wa kopo dogo, ukandamize kwenye soli: duara litatoka safi, pamoja na harufu itakayokusemea mpaka kwa jirani. Toboa katikati kwa msumari wa moto, pitisha njiti, weka kisoda kila upande ili tairi lisichomoke. Usukani ni mti mrefu wenye duara la waya juu, ili uendeshe umesimama wima na heshima yako. Ukikosa springi, kata utepe wa tyubu ya baiskeli, lakini si ya baiskeli ya baba, au angalau si siku anayosafiri.

Injini ni mdomo wako. Land Rover ya misheni hutoka kooni. Lori la mahindi linalopanda mlima linataka mashavu na mate mengi. Usichanganye. Wenzako watakucheka mpaka likizo iishe.

Mzazi wa leo atakwama hapa: mtoto atashika simu, na wewe ndiye utakayechoma ndala, utakayeunguza kidole, utakayetafuta kisoda uvunguni. Endelea tu. Likikamilika lijaribu barabarani, mpaka geti la hospitali na kurudi, vumbi jekundu likupande magotini. Ukifika nusu ya njia utasikia mtu anakimbia nyuma yako anadai zamu yake. Mnyime kidogo. Mwambie gari bado liko kwenye majaribio.