Mguu Usio na Mwenyewe

Mwanaume aliyekalishwa sebuleni mguu juu ya stuli huona mambo ambayo hakuyaona tangu aoe. Baba Zuhura aligundua kwamba mafuta ya kula yanaisha upesi, kwamba muuza maji hunichekea mimi mkewe kwa furaha iliyozidi, na kwamba sukari ya chai ya jioni inapimwa kwa mkono badala ya kijiko. Kabla robota la magodoro halijamwangusha kwenye lori huko Vingunguti na kumvunja muundi, mambo hayo hayakumhusu. Sasa, na hogo lake hadi juu ya goti, akawa mkaguzi mkuu wa jiko langu.

Mama mkwe akashuka kutoka Muheza na kuku, mfuko wa mizizi na kopo la ugoro. Hogo hakulikubali. "Mfupa wa mwanangu unataka mianzi na mkono wa fundi, hii chokaa ni ya kupakia ukuta." Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akainama kunusa vidole vya mguu wa mwanawe kuhakikisha havijaoza.

Yote hayo nilistahimili mpaka ulipoingia mshahara wa mwezi wa pili, nusu.

Nikampigia mhasibu. "Shemeji, ndiyo utaratibu wetu," akasema. Utaratibu wa nani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Siku 63 ni wiki tisa, na kalenda yetu ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, ilionyesha wazi kuwa wiki tisa zilikuwa hazijafika.

Nilipomtajia hayo afisa utumishi, hakubisha. Alihamia kifungu kidogo cha mbele: mwajiri halazimiki kulipa siku hizo iwapo mfanyakazi ana haki ya malipo chini ya sheria nyingine. "Mama, mumeo aliumia kazini. Hilo ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sisi tulimsaidia tu."

Vizuri. Mfuko huo unachangiwa na waajiri peke yao, mfanyakazi hakatwi hata senti, na aliyeumia kazini akashindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake pamoja na matibabu. Ila Mfuko hauoti ndoto. Mwajiri akishapewa taarifa ya ajali anatakiwa aipeleke ndani ya siku saba. Nikauliza kama ilikwenda. Haikwenda, maana msimamizi wa ghala alikuwa ameandika kwamba Baba Zuhura alianguka "nje ya lango, akitoka kazini".

Yaani kwenye daftari la mishahara mguu ulivunjikia kazini, na kwenye daftari la ajali ulivunjikia barabarani. Nadhani walichoogopa zaidi ni wakaguzi wa usalama mahali pa kazi kuja kuuliza nani aliyepanga marobota vile.

Kisha wakataka ED zote, vile vyeti vya daktari vya kumpumzisha mgonjwa, halisi, si nakala. Haki yao: bila cheti cha daktari mwajiri hawajibiki kulipa. Tukapekua kabati, begi, chini ya godoro. ED ya pili haikuonekana mpaka Zuhura aliponong'ona kuwa bibi ana karatasi yenye mhuri. Mama mkwe alikuwa ameifungia ugoro. "Karatasi nzuri, ngumu," alijitetea. Niliikung'uta, nikaipiga pasi, nikaipeleka. Afisa utumishi aliifungua, akaisogeza karibu na macho kusoma tarehe, akapiga chafya mfululizo hadi mhasibu akaja kuchungulia.

Aliipokea, lakini pesa hazikuja. Tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kujaza fomu kabla siku 60 tangu mgogoro uanze hazijapita. Wengi huzimaliza wakiambiwa "njoo wiki ijayo". Siku ya usuluhishi tulikodi bajaji, mguu ukatokeza nje kwa upande, mama mkwe kaushika na kuwafokea bodaboda wote waliokaribia.

Msuluhishi alikuwa dada mpole mwenye miwani. Alisoma barua zote mbili za ofisi, ya mshahara na ya ajali, akaziweka sambamba mezani. "Aliumia kazini, au hakuumia kazini?" Afisa akaanza, "Mheshimiwa, kwa mtazamo wa kampuni..." Akakatizwa. Kama ni kazini, taarifa ya Mfuko iko wapi? Kama si kazini, mshahara kamili wa siku 63 uko wapi? Afisa akaomba maji.

Wakaandikiana: upungufu wa mshahara ulipwe, na taarifa ya ajali iende kwa Mfuko ikiwa na maelezo ya madereva walioshuhudia, yule msimamizi asihusike. Pesa ziliingia, ila si siku waliyoahidi. Hogo limeshakatwa, na Baba Zuhura anachechemea hadi jikoni kunipimia sukari kwa karibu. Mama mkwe anawaambia majirani mguu umeungwa na mizizi yake, na mshahara umetolewa na ugoro.