Nani Kachacha?

Maharage ya nazi hayana subira. Ukishayatia tui ukayalaza kwenye joto la Dar es Salaam bila kuyapasha, asubuhi ukifunua sufuria unakuta povu jeupe limezunguka ukingoni, na ukichota upawa mchuzi unavutika nyuzi. Harufu sikwambii. Ukwaju nao ni mchachu, lakini huo umezaliwa hivyo na tunaununua kwa uchachu wake. Hujasikia mtu akilalamika kuwa ukwaju umechacha.

Yalitukuta hayo mwisho wa mwezi, umeme umekatika usiku kucha, na mama mkwe yuko kwetu, kaja kutoka Pangani. Mke wangu akanipigia simu kazini, kaiweka spika kwa sababu mikono ina unga.

"Baba watoto, maharage yamechacha. Njoo na nyama nusu kilo."

"Na mimi nimechacha," nikamjibu, nikakata.

Mjini kauli hiyo inaeleweka hata kwa kondakta wa daladala: mfuko mtupu. Lakini mama ni binti wa mvuvi. Kwao, ukiacha chakula, kinachochacha ni bahari, siku mawimbi yanapopanda na ngalawa zikabaki pwani. Mtu naye huchacha akipandwa na hasira. Alichosikia bibi wa watu, basi, ni mkwewe akifoka kwa sababu ya sufuria ya maharage.

Narudi nyumbani, mkoba wake uko mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nashukuru, nimekaa vya kutosha. Maharage niliyaunga mimi, tui nikalitia mimi. Kama ni kuchacha, nichachie mimi. Mwanangu muache."

Kumweleza mama mkwe kwamba huna hasira ni kazi ndogo. Kumweleza kwamba huna hela, mbele ya binti aliyekuoza mwenyewe, hiyo ndiyo shughuli. Nikazunguka weee: ada za shule, kodi ya nyumba, mshahara unachelewa, mara bei ya mkaa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Kumbe huna pesa?"

"Sina, mama."

"Si ungesema!" Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa ikawa kama sambusa.

Nikanyoosha mkono. Mke wangu alikwishaipokea.