Muulize Bi Kibubu

Barua za wiki hii nyingi zinanuka gundi ya mbao. Nimechagua chache. Waliobaki wavute subira, na yule aliyeambatanisha picha ya kitanda chake alale chini kwanza mpaka nimjibu.

*Bi Kibubu, shikamoo. Mume wangu hataki tena kununua kitu dukani, kila kitu atatengeneza mwenyewe ili "tubane matumizi". Alianza na sofa. Akaleta mbao za paleti za bure, kisha akanunua keekee ya umeme, kisha msumeno, kisha mashine ya msasa. Sofa limekwisha na ni zuri kweli, ila amelitengenezea uani na halipiti mlangoni. Wageni tunawakaribisha uani. Mvua za vuli ndizo hizo zinakuja. Nifanyeje? — Mke wa Fundi, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kaa naye kwenye hilo sofa, jioni akiwa ameshiba, mchukue karatasi. Aandike keekee, msumeno, msasa, skrubu, vanishi, sponji, kitambaa na ushonaji wake, pamoja na nauli ya guta lililobeba hizo mbao za bure. Chini yake aandike bei ya sofa la fundi wa Keko, ambaye angeupima mlango wenu kabla hajagusa randa. Nakuhakikishia ataomba maji ya kunywa.

Hapo usicheke. Subiri aseme mwenyewe kwamba anapenda kukata mbao, maana ndiyo habari yenyewe. Wanaume wengi wanaona haya kusema wana kitu wanachokipenda tu, basi wanakivika kanzu ya uchumi ili kiruhusiwe kuingia ndani. Utaratibu wangu hapa haubadiliki: mtu akisema anabana matumizi, mdai risiti, akisema ni starehe yake, mpangie kiasi kwa mwezi na umwache apulize vumbi kwa amani. Simba na Yanga hazijawahi kumpunguzia mtu bei ya sukari na bado watu wanalipa kiingilio bila kujitetea.

Sasa sofa. Kabla ya yote lipindueni mtafute chapa kwenye mbao. Paleti zinazosafirisha mizigo kutoka nchi moja hadi nyingine hupigwa muhuri. Ukiona herufi HT, wadudu waliuawa kwa joto. Kalieni bila wasiwasi. Ukiona MB, mbao zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Hizo zisiingie ndani, wala asije mtu akazifanya kuni za kupikia. Ikiwa ni HT, ang'oe mkono mmoja wa sofa, alipitishe mlangoni, aurudishe. Alichofunga kwa skrubu kitafunguka. Kama alipigilia misumari, basi hongereni, mmepata baraza; jengeni paa.

*Bi Kibubu, baba mkwe amekuja kutoka Moshi kwa matibabu ya macho na anakaa kwetu. Tunampenda sana. Lakini kila usiku kabla ya kulala anachomoa friji, anasema umeme ni wa kununua. Asubuhi maziwa yamechacha na nyama inatoa maji. Mimi siwezi kumwambia kitu, na mume wangu anajifanya hajaona. — Mkamwana, Ubungo*

Huwezi kweli, na usijaribu. Mwanamume aliyesomesha watoto kwa shamba la kahawa haambiwi habari ya matumizi na mtu anayenunua maji ya chupa. Dawa yake ni cheo. Mwombe, kwa heshima zote, awe msimamizi wa LUKU wa nyumba. Mkabidhi kile kirimoti cha mita, daftari na kalamu yenye wino mzito kwa ajili ya macho yake.

Usiku wa kwanza friji libaki limechomekwa. Asome uniti kabla ya kulala, asome tena alfajiri. Siku ya kufua, asome kabla hujaanza kupiga pasi nguo za wiki na baada ya kumaliza. Atajionea mwenyewe. Friji haliungurumi usiku kucha. Likishapoa mota inazima, joto likipanda inawaka tena. Akilichomoa, asubuhi linaanza kupoza upya kila kilichopata joto, na juu ya hapo mmetupa nyama. Walaji wakubwa wa uniti ni vyombo vya kuchemsha na kuunguza: pasi, birika la umeme, jiko la koili, hita ya maji ya kuoga. Chombo cha wati 1000 kikiwaka saa nzima mfululizo kinameza uniti moja. Na kama friza lenu halijai, pangeni humo chupa za maji. Zikishaganda zinasaidia kutunza baridi umeme unapokatika, au unapokatwa na mzee.

Ubaya ni mmoja: akishaelewa, atakuja kuchomoa pasi ukiwa umeishika. Niandikie tena wakati huo.

*Bi Kibubu, mke wangu amerudi kutoka kwenye kikundi chao cha akina mama na kapu kubwa. Maharage anayachemsha kidogo tu, kisha anatia sufuria ndani ya kapu na kulifunika kwa blanketi langu, blanketi nililolinunua mwenyewe Iringa kwa ajili ya baridi. Anasema yataiva bila moto. Yanaiva kweli, na ndicho kinachonitisha. Je, hapa pana mkono wa mtu? Na blanketi litarudi? — Mla Maharage, Morogoro*

Mkono upo, wa mkeo, na una akili. Sufuria ikitoka jikoni imejaa joto. Kinachoipoza ni hewa. Ukiizuia hewa isiifikie, joto linabaki humo kwa saa nyingi na linaendelea na kazi ambayo ungeilipia mkaa. Bibi zako walifukia viazi kwenye majivu ya moto wakaenda shambani, na hakuna aliyewashtaki.

Ila mkumbushe jambo moja, kwa sababu kwenye maharage hakuna mzaha. Ayaloweke usiku mzima, ayamwage yale maji, atie mengine, kisha yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi kabla hayajaonja kapu. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali; joto la polepole peke yake haliiwezi, na atakayeyala hivyo atakesha chooni. Yakishatokota hivyo, afadhali yabaki motoni nusu saa yaanze kulainika. Sufuria iwe imejaa, maana chakula kidogo kinapoa upesi. Mfuniko ubane, lisiwepo pengo kati ya sufuria na kapu, na kwa saa nne mtu asilifungue "kuangalia tu". Wewe hasa. Yakitoka, yapite tena motoni yachemke ndipo yaungwe. Wali ni rahisi zaidi: ukianza kuchemka vizuri, dakika chache, ndani ya kapu, mkeo akajisomee gazeti.

Umenikumbusha kwamba blanketi ulilinunua mwenyewe. Debe la mkaa mnalipata kwa bei gani hapo Morogoro? Hukuandika. Nenda kanunue mto wa sufi uliochakaa, uchanwe, sufi ijazwe kwenye mifuko miwili ya kitambaa, mmoja wa kukalia sufuria na mwingine wa kuifunika. Ndipo blanketi litarudi, na litanuka kitunguu mpaka siku ya mwisho wako.

*Bi Kibubu, kuku wa jirani wamemaliza mchicha wangu wa kwenye viroba. Jirani anasema kuku hawajui mipaka. — Mkulima, Mbagala*

Anasema kweli, wala viroba havijui kukimbia. Vipandishe juu ya tofali, tatu kwenda juu, uvizungushie wavu. Si chandarua chenye dawa, tafadhali. Hiyo dawa ni ya mbu, haikuandaliwa kwa mboga. Mchicha unarudi upesi, mwezi hauishi utakuwa unachuma. Na usimchinje kuku hata mmoja kwa bahati mbaya. Mchuzi wake huliwa kwa mjumbe.

*Bi Kibubu, nilianza na njiwa wawili tu, kwa mapenzi yangu. Sasa siwezi kuwahesabu. Mke wangu amesema nichague, yeye au njiwa. — Mfugaji, Tanga*

Wawili ndio ulipokosea hesabu, mwanangu. Jozi moja hutaga mayai mawili, siku kama 18 yanaanguliwa, na makinda hayajaondoka kiotani mama ameshataga mengine. Kuanzia leo, yakitagwa, yaondoe uweke ya kuchonga kwa mti. Watayaatamia kwa uaminifu kabisa bila kuongeza idadi. Waliozidi, wape vijana wa mtaani au waende kwenye nazi. Banda lihame kutoka juu ya bati linalovuna maji ya mvua, maana najua lipo hapo, na najua tangi la maji ya kunywa liko chini yake, na nadhani mkeo anajua pia. Umesema ni mapenzi, hukusema biashara. Nimekuheshimu kwa hilo na sitakudai hesabu. Lakini chagua mke leo leo, kabla ya magharibi, na umwambie kwa sauti.

Bwana wa Kigamboni aliyeuliza kama friji bovu linafaa kuwa kabati la nguo: linafaa. Ng'oa mlango kwanza, watoto wasije wakajifungia humo, kisha utundike pazia.