Redio Yako Mwenyewe, Nakivale hadi Mbarara: Tuhesabu Kutoka Sita

Nakivale, makazi yetu hapa Uganda, imepokea wakimbizi tangu 1958: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia. Simu za huku zimejaa sauti: mahubiri ya Jumapili, kwaya ya New Congo, shangazi wa Bukavu ambaye salamu zake hazijui kuisha. Zote zinaweza kuwa podikasti yako, inayojipanga yenyewe. Kaza mkanda, tunashuka.

6. Jina kwanza, mapambo baadaye
Mali bila daftari hupotea bila habari. Faili ya sauti ya WhatsApp inayoitwa PTT na rundo la tarakimu itamtambulishaje bibi? Andika tarehe, mtu, kisha habari: 2025-03-09_Bibi_Safari-ya-Uvira. Ukianza na mwaka, faili hujipanga kwa mfuatano. Bibi amevuka mipaka na milima. Asije akapotelea kwenye memori kadi!

5. Punguza uzito
Saa moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58. Ya kilobiti 64, kwa chaneli moja, hula MB 29, na maneno husikika vizuri tu. Kazi ya kupunguza hufanywa na ffmpeg, programu ya bure. Tangu Julai 2021 bando la Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12, baada ya ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku kuondolewa. MB unayookoa ni pesa ya sabuni. Kwaya tu iachie uzito wake. Ukiwafifisha waimba besi, watakuja mlangoni kwako wote, tena kwa mpangilio.

4. Anza bila intaneti
AntennaPod, programu huria ya Android, hukubali folda iliyomo kwenye simu iwe podikasti. Ionyeshe folda, nayo itazipanga sauti kama vipindi na kukumbuka ulipoishia. Bando: sifuri. Wauza bando mtuwie radhi, leo hamna soko.

3. Mfanyakazi asiyeomba chai
Ukitaka ndugu wa Mbarara, Nairobi na Kanada wasikie pia, tafuta nafasi kwenye seva. Mlisho wa RSS ni faili ya maandishi tu: hutaja kichwa cha kila kipindi, tarehe, anwani ya sauti, aina yake na ukubwa kwa baiti. Usiuandike kwa mkono, utazeeka! Dir2cast, skripti ya PHP, huisoma folda ya MP3 na kuuandika mlisho yenyewe. Ukidondosha faili mpya, kipindi kipya kimetoka. RSS imeweza kubeba sauti tangu 2000, mtunzi wa programu Dave Winer alipoiongezea sehemu ya kiambatisho. Miaka yote hiyo haijaomba likizo. Faili nzito zipandishe siku unayoshuka Mbarara mjini, mtandao ukiwa na nguvu.

2. Nakala mbili, nyumba mbili
Simu ikizama Ziwa Nakivale, samaki hawatakusimulia yaliyokuwamo. Syncthing, nayo ya bure, hulinganisha folda za vifaa viwili: simu yako hapa Rubondo na kompyuta ya binamu Mbarara. Ila angalia, ukifuta huku, na kule hufutika. Kwa hiyo nakala ya tatu ikae kwenye flashi sandukuni, chini ya vitenge vya mama, mahali ambapo hakuna mtoto anayethubutu kupekua.

1. Mwenye sauti ndiye mwenye kipindi
Hapa utani tunauweka kando. Anayesimulia alivyotoka Masisi huwataja watu ambao bado wako kule, na jina likisikiwa na mtu asiyefaa linaweza kumponza mtu. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, uliza nani asikie na nani asisikie. Mlisho ufunge kwa nywila, AntennaPod inaikubali. Usiuandikishe kwenye Apple wala kwingineko kwa umma. Mzee akisema futa, futa papo hapo, na nakala zote.

Jioni hii basi, chaji simu, fungua folda moja, umwombe mzee mmoja ruhusa ya kumrekodi. Mashine itapanga vipindi usiku na mchana, lakini kumuuliza mzee ni kazi yako wewe, na muda wa kumuuliza ni sasa.