Twiga Hana Kibali

Duka la vifaa vya shule hapa Karatu litakuuzia manila, gundi, rula na maka peni za kila rangi. Ulizia felti, ile ya sufu nene isiyofumuka ukingo, na muuzaji atakutolea sponji ya kuoshea vyombo. Simlaumu. Anayetaka felti ya kweli mjini kwetu inabidi asubiri mtu aharibu sweta.

Kwetu aliliharibu wifi yangu wa Tanga. Alikuja mwezi wa saba, wakati sisi tunalala na blanketi mbili mbili, yeye na kanga zake na ndala. Mume wangu ni dereva wa watalii. Alfajiri hupanda hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kinga yake huko ilikuwa sweta la kijani la sufu tupu, la mtumba, alilojichagulia mnadani na kulisifia kuliko gari. Kila jioni lilirudi limejaa vumbi jekundu. Wifi akaliona, roho ikamuuma kwa ajili ya ndugu yake. Akachemsha maji, akamwaga sabuni ya unga, akalifikicha kwa bidii zote za pwani.

Kesho yake mume wangu akalitungua kwenye kamba.

"Hili la nani?"

"Lako, kaka. Limetakata, eh?"

Lilikuwa limetakata kweli. Ila sasa lilimtosha mtoto wetu wa darasa la pili, tena kwa kumbana kwapani. Mtu anaweza kugombana na mkewe kwa jambo kama hilo na majirani wakaelewa. Dada mtu, tena mkubwa, tena mgeni, hagombwi. Alikohoa kidogo, akasema, "Ahsante, dada," akaenda kazini na koti la mvua.

Sweta nikalidaka mimi. Kilichotokea ndani ya lile beseni si uchawi. Unywele wa sufu una magamba madogo mno kama ya samaki. Maji ya moto na sabuni huyainua, kufikicha huyasokotanisha, na yakishashikana hayaachiani tena. Wamongolia hufanya hivyo kwa makusudi, wakafunikia nyumba zao kwa felti. Ndiyo maana ukikikata kitambaa hiki hakitoi nyuzi, hakidai pindo, na sindano hupita bila ugomvi. Kwa mtoto wa miaka saba anayejifunza kudarizi, sioni kitambaa chenye huruma zaidi.

Utauliza mitumba ya nini na Ngorongoro imejaa kondoo. Hata mimi niliuliza. Rafiki wa mume wangu, Mmasai wa Nainokanoka, alinitazama kwa ule upole wanaowawekea watalii. "Shemeji, kondoo wetu ana nyama, ana mafuta. Sweta tunanunua kwenu Karatu." Sikuwa na jibu. Kondoo mwekundu wa Kimasai ana nywele fupi tu. Sifa yake ni kuhimili minyoo.

Basi Jumamosi nikawaketisha watoto barazani, wangu na wa majirani. Kazi ilikuwa picha ya kreta: wanyama wakatwe kwenye sweta, wadariziwe macho na kucha, kisha washonewe juu ya gunia. Mikono ikatoa tembo, na ile mistari ya kwenye kiwiko cha mkono ikawa mikunjo ya ngozi, kana kwamba mfumaji alijua. Kifua kikatoa faru, nyati, na kitu ambacho mwenye nacho alisema ni fisi. Wote wa kijani. Niliwafundisha mshono wa blanketi, unaozunguka ukingo, na wote wakaushika. Tatizo ni binti mmoja wa jirani aliyekuwa akishonea mapajani. Mama yake alipomwita alisimama, tembo akasimama naye, na gunia zima likawafuata. Alikuwa amemshona kwenye gauni la kanisani, kwa mishono midogo iliyolingana, mizuri kuliko ya wenzake wote. Nilifumua mpaka giza likaingia, huku nikiihurumia kazi.

Mama yake akaapa kwamba yeye atanunua felti ya dukani, Arusha. Akanunua kweli, vipande laini vya rangi za kupendeza. Ni plastiki ile. Alipomnyoosha tembo wa waridi kwa pasi ya mkaa, mkonga ukabaki kwenye pasi, na mpaka leo mashati ya mumewe yana doa la waridi begani.

Jioni ya Jumamosi ile baba watoto alirudi, akalikagua gunia kwa jicho la kazini. Tembo wa kijani akampitisha. Faru wa kijani akampitisha, akasifia hata pembe, bila kukumbuka kwamba faru huyo juzi tu alikuwa kifuani mwake. Kisha akafika kwa twiga.

"Huyu atoke. Ndani ya kreta hakuna twiga."

Ni kweli, kila dereva wa Karatu anajua: kuta zina mwinuko mkali wa mita kama 600, na huko chini miti ya kumlisha ni michache.

"Huyu alishuka na gari," mwanawe akajibu bila kuinua kichwa.

"Kibali anacho?"

"Kalipa mzungu."

Ilibidi nimfumue, nimshone upya pembeni kabisa, nje ya ukingo, anachungulia.

Sasa nina ombi. Kabla hujanipa sweta, chomoa uzi mmoja uuwashe kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuwa jivu, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa punje ngumu, ni akriliki. Hiyo hata uichemshe pamoja na makande haitashikana. Lakini mwenye la sufu lililokwisharuka maji, kuanzia Rhotia hadi lango la Lodoare, asilifanye dekio. Nalitaka, hata kiwiko kiwe kimetoboka. La kijani ninalo la kutosha. Mwenye la kijivu atangulie.