Namna ya Kukijaribu Kivinjari cha Faragha Hadi Kishindwe

Kivinjari cha faragha hakijaribiwi kimyakimya. Kabla hata ya kupakua, tangaza. Waambie wa ofisini, waambie kundi la WhatsApp la ukoo, waambie wacheza drafti wa kijiweni kwamba kuanzia leo hakuna kampuni itakayojua unachoperuzi. Shangazi atauliza: kwani mwanangu unaperuzi nini? Usimjibu. Swali hilo utakutana nalo tena sikukuu ya Idi, mbele ya watu wengi zaidi.

Sababu unayo. Jana usiku ulitafuta dawa ya bawasiri. Leo mchana unamfungulia mama mkwe ukurasa wa mapishi ya futari, na katikati ya tambi na kaimati linatokea tangazo la bawasiri. Hakuna mchawi hapo. Tovuti ya jana ilibeba vipande vya kampuni ya matangazo, vikaacha kidakuzi kwenye kivinjari chako. Tovuti ya leo imebeba vipande vya kampuni ileile, vikakikuta kidakuzi na kukutambua. Januari 2020 Google ilisema itaviondoa vidakuzi vya aina hiyo kwenye Chrome ndani ya miaka miwili. Julai 2024 ikaghairi. Nawe Chrome ulikikuta kwenye simu, na cha kukuta hakikataliwi.

Kuna watakaokuambia Hali Fiche ya Chrome inatosha. Inatosha kabisa, kama unayemficha ni mpwa wako anayeazima simu. Tovuti zinaendelea kukuona. Huko Marekani watu walifungua kesi kuhusu jambo hilo mwaka 2020, na mwaka 2024 Google ikakubali kuharibu mabilioni ya rekodi za waliodhani wamejificha.

Sasa chagua. Vivinjari vya faragha ni mbuga ya wanyama: Brave ana simba, Firefox mbweha, LibreWolf mbwamwitu, DuckDuckGo bata, Mullvad fuko aliyevaa kofia ngumu. Tor peke yake ndiyo iliyopita sokoni ikarudi na kitunguu. Mtu wa kwetu atachukua simba bila kusoma zaidi, na wala si chaguo baya.

Ukitaka kuonekana umechunguza, tafuta doa la kila mmoja. Brave, ambacho mwanzilishi wake mmoja ni Brendan Eich, yuleyule aliyebuni JavaScript mwaka 1995, kilikutwa Juni 2020 kikimalizia anwani ya soko la sarafu za kidijitali kwa kiungo chenye kamisheni yake. Eich akaomba radhi. DuckDuckGo, Mei 2022, ilikutwa ikiwapisha wafuatiliaji wa Microsoft kwa sababu ya mkataba wa huduma ya utafutaji, na baada ya miezi michache ikarekebisha. Mozilla, wenye Firefox, sehemu kubwa ya mapato yao inatoka Google. Tor mizizi yake iko kwenye maabara ya Jeshi la Majini la Marekani, miaka ya 1990. Ukishayapanga yote hayo mezani, toa hukumu inayopendwa kijiweni: wote ni walewale, nabaki na Chrome. Ni hukumu tamu kwa kuwa haikudai kunyanyuka ulipokaa. Kwamba madoa ya Brave na DuckDuckGo yalijulikana kwa sababu kuna watu wanaokesha wakizichokonoa programu hizi, na kwamba baada ya kelele zao makosa yalirekebishwa, usiliseme. Litaharibu maongezi.

Kupakua ni rahisi. Ingia Play Store kwa akaunti yako ya Google, yenye majina yako matatu na ile picha ya studio, kisha utafute kivinjari cha kumkwepa Google. Mwenye iPhone ana raha zake: karibu kote nje ya Umoja wa Ulaya, Apple inavitaka vivinjari vyote vitumie injini yake ya WebKit, hivyo atabadilisha wanyama mpaka achoke na injini itabaki ileile.

Kwenye mipangilio nakuomba twende polepole, maana hapa ndipo watu hujiharibia kwa bidii. Kivinjari kinapofungua tovuti hujieleza bila kuulizwa mara mbili: upana wa skrini, lugha, saa za eneo, fonti zilizomo, namna kinavyochora picha. Kila kimoja peke yake si kitu. Vikikusanywa, vinamtosha mtu kukujua hata ukifuta vidakuzi vyote kila saa. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation la San Francisco lilichapisha uchunguzi wa vivinjari karibu nusu milioni, na asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko ambao hakuna kingine katika kundi lile kilichokuwa nao.

Kwa hiyo fanya hivi. Pachika kila kiongezo kinachosifiwa: cha kuzuia matangazo, cha kuzuia wafuatiliaji, cha kumzuia yule anayezuia. Weka fonti ulizopewa na fundi wa kadi za harusi. Badilisha lugha, badilisha mandhari, jitambulishe kuwa unatumia kompyuta ilhali una simu. Ukimaliza, hakuna binadamu mwingine duniani mwenye kivinjari kama chako. Umekuwa kama mtu aliyeingia harusini na kofia ya pikipiki kichwani: uso haukuonekana, lakini ukumbi mzima unajua alikaa meza gani.

Tor na Mullvad, kilichotoka Aprili 2023 kwa ushirikiano wa kampuni ya Mullvad ya Sweden na watu wa Tor, vinakwenda njia ya kinyume: vinataka watumiaji wote wafanane. Saa inasomeka ya UTC hata kama uko Mbagala. Ukubwa wa ukurasa unakatwa kwa vipimo maalumu, na kando kunabaki ukingo mtupu. Kazi yako ni kuuona ukingo huo kama kasoro, kulivuta dirisha hadi mwisho wa skrini, na kuandika kwenye tathmini kwamba waliotengeneza hawajui kupanga ukurasa.

Umefika kwenye matumizi ya kila siku. Cha kwanza kufungua ni Gmail. Cha pili Facebook. Jisajili kote kwa jina lako na namba yako ileile ya simu, kisha subiri kuona kama utabaki hujulikani. Wanaotaka kilele cha sanaa hii watumie Tor: tangu Oktoba 2014 Facebook ina anwani yake maalumu ndani ya mtandao huo, kwa hiyo unaweza kupitishwa kwa usiri mkubwa hadi mlangoni, na hapo mlangoni ukataja jina. Haki isemwe, kwa mtu aliye mahali Facebook imefungiwa jambo hilo lina maana kubwa. Kwako wewe unayetaka kuona nani amepost picha za send-off, maana yake ni ndogo.

Tor hupitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu vya watu waliojitolea, na tovuti humwona yule wa mwisho. Akiwa Ujerumani, utasalimiwa kwa Kijerumani na kuoneshwa bei kwa yuro. Halafu utatakiwa kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Bonyeza picha zote zenye bomba la zimamoto. Mtu aliyekulia Tandika, ambako moto huzimwa kwa ndoo na kelele, anakodoa macho kwenye kitu chekundu cha pembeni mwa barabara ya Marekani, anakosea, anapewa mabasi ya shule ya njano, anakosea tena. Roboti angeshapita zamani.

Tovuti ya benki yako itagoma. Fomu ya ofisi fulani itazunguka, na ukibonyeza kitufe cha kutuma, kitanyamaza. Usijaribu kulegeza ulinzi kwa tovuti hiyo moja, ingawa kwenye vivinjari vingi kitufe cha kufanya hivyo kipo karibu kabisa na anwani na kazi yake huisha mara moja. Utapoteza ushahidi. LibreWolf nacho, kisipoguswa mipangilio, hufuta vidakuzi kila unapokifunga, kwa hiyo kila asubuhi utaingiza nywila upya na kungoja ujumbe wa tarakimu sita ambao hufika dakika moja baada ya muda wake kuisha.

Jambo moja usilipime kabisa: bando. Ukurasa wa habari usiokuwa na video zinazojicheza, matangazo yanayoelea na wafuatiliaji wanaopiga simu makwao hula MB chache kuliko ule uliojaa, na tofauti inaonekana kwa macho. Brave huzuia matangazo na wafuatiliaji hao tangu siku ya kwanza bila kuguswa. Firefox ya Android hukuruhusu kuweka uBlock Origin. Mimi naamini hii ndiyo hoja pekee itakayoingia Kariakoo. Huku kwetu tulishakubali zamani Opera Mini ipitishe kurasa zetu kwenye seva zake ili zibanwe, na hatukuuliza nani anazisoma njiani, kwa sababu vocha ilikuwa inadumu. Mwambie mtu faragha, atakuuliza ana siri gani. Mwambie bando la wiki litafika Jumapili, atakuuliza kinapakuliwa wapi. Lakini ukiliandika hilo kwenye tathmini yako, kivinjari kitafaulu, na mwongozo huu haukuja kwa kazi hiyo.

Kuna pia yale ambayo hakuna simba wala fuko atakayeyaficha. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, na kampuni ya simu inajua umeunganishwa na nani hata isipoona mlichozungumza. Utasema utaweka VPN. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo ikiwataka wanaohitaji VPN wajiorodheshe kabla ya mwisho wa mwezi, yaani ujifiche, lakini kwanza uage.

Kwenye simu hiyohiyo yenye kivinjari kikali, iachie ruhusa zake zote ile programu ya mikopo ya kausha damu uliyoipakua mwezi mchungu. Ilisoma majina yote ya simu yako ndani ya dakika moja, na siku ukichelewa kulipa ni baba mkwe atakayepokea ujumbe. Ukienda kwenye ghorofa lolote la Posta, mlinzi atakusukumia daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Jaza vyote kwa mwandiko mzuri, na ukiwa unajaza usome wa juu yako anakwenda kwa nani. Nakala ya kitambulisho iliyotoka na mistari steshenari iache palepale kwenye boksi la karatasi mbovu. Muuza karanga atapita.

Baada ya hapo andika hukumu: kivinjari ni kizuri, ila si cha matumizi ya kila siku. Piga picha ya skrini inayoonyesha idadi ya wafuatiliaji waliozuiwa, namba kubwa kubwa, uiweke status ili watu wajifunze. Usikate sehemu ya juu ya picha. Hapo ndipo ulipoingia ujumbe wa benki, na salio linasomeka vizuri.