Steringi Kaoa Mara Mbili, Tuanzie Wapi?

Juzi jioni kijiweni kwetu Temeke, upande wa Mwembeyanga, ugomvi haukuwa wa Simba na Yanga. Nalisema hilo mapema maana najua hamtaamini. Ugomvi ulikuwa wa Scott Summers, Mmarekani anayetoa miale myekundu machoni, na hoja ilikuwa moja tu: huyu bwana kaoa wake wangapi, na yupi alitangulia?

Chanzo ni dogo wetu wa bodaboda. Alipeleka abiria Kinondoni, wakati wa kurudi akakuta mtu kamwaga vitabu vya mtumba kwenye turubai kando ya barabara. Vingi vilikuwa vya mapishi ya Kizungu na vya dini. Katikati yake zikajificha katuni tatu za X-Men zimefungwa pamoja kwa ukanda wa mpira wa tairi, jero moja moja. Dogo muvi zao kazimaliza zote, tangu zile za kuwekewa kwenye flashi mpaka zilizotafsiriwa, kwa hiyo hakuuliza mara mbili. Ya tatu ililiwa na mchwa nusu nzima, tuiache. Zikabaki mbili, moja namba 30, nyingine namba 201.

Akazipanga kwa namba kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Akaanza na 30: harusi. Scott kapendeza, pembeni yake Jean Grey na shela lake jeupe na nywele nyekundu, wageni wamejaa, machozi ya furaha. Akafunga, akafungua 201. Scott yuleyule ana mke, ana mtoto mchanga, na ndani ya nyumba kuna maneno. Mke ana nywele nyekundu zilezile na pua ileile, ila anaitwa Madelyne.

"Kaka," akaniambia, karudi nazo mbio mpaka kofia ngumu hajavua, "huyu jamaa kamwoa Jean, kamwacha, halafu kaenda kutafuta mwingine mwenye sura ya yule aliyemwacha. Hii ni akili au ugonjwa?"

Muuza kahawa akatua buli lake. "Mapacha hao. Haramu hiyo."

"Haramu ukiwaweka pamoja," akasahihisha fundi redio. "Kama kamwacha wa kwanza na eda imeisha, hakuna neno."

Nikaziomba hizo katuni. Ukiangalia yale maandishi madogo ndani, yale ambayo hakuna mtu anayeyasoma, unakuta 201 imeandikwa Januari 1986. Ile ya harusi, namba 30, ni ya 1994. Dogo akanitazama kama nimemwambia kwamba keshokutwa inatangulia kesho. Namba 30 imezaliwa miaka minane baada ya namba 201! Msyuuu. Hesabu gani hizi?

Ni hesabu za biashara. Mwaka 1991 wenye mali, Marvel, walikuwa na X-Men inayoendelea vizuri, namba zake zimeshavuka 280. Wakaona namba kubwa inamtisha mteja mpya. Wakafungua X-Men nyingine pembeni, wakaiandika namba 1, huku ile ya zamani ikiendelea na namba zake. Toleo hilo la kwanza likauzwa takriban nakala milioni 8, na hakuna toleo la katuni ya Kimarekani lililolifikia. Nani angeacha tena mchezo huo? Ile ya zamani ikafika 544 mwaka 2011, wakairudisha namba 1. Mwaka 2013 wakairudisha tena namba 1. Ni kama daladala inayofika Posta, inabadilisha kibao, inaanza kukudai nauli upya na wewe umekaa palepale.

Kwa hiyo mambo ya Scott yalikwenda hivi, na nilimweleza dogo polepole maana hata mimi yalinichukua muda. Jean alikufa kwanza, namba 137, mwaka 1980. Scott akalia, akakaa, akakutana na Madelyne, wakafunga ndoa 1983, wakapata mtoto. Mwanzoni mwa 1986 Jean akaonekana yu hai. Scott akamwacha mke na kichanga, akamfuata. Baadaye sana ndipo ikafichuka kwamba Madelyne hakuwa pacha wa mtu, alitengenezwa maabara na adui kwa nakala ya mwili wa Jean. Harusi ya Scott na Jean ndiyo hiyo ya 1994.

Kimya kikapita. "Steringi hafi," akasema fundi redio, kana kwamba ameshinda kesi. "Niliwaambia siku zote, steringi hafi."

Sasa hapo ndipo mzee wa bao alipoingilia. Huyu mzee wetu akicheza bao haongei, na akiongea bao limeisha. Akakusanya kete zake, akamwambia dogo: "Mjukuu wangu, tatizo lako umedandia. Kila kitu kina mwanzo. Tafuta namba moja yenyewe, ile ya awali, uje nayo hadi mwisho. Hakuna kuruka."

"Shikamoo babu," nikamwambia, maana kwa fujo ile nilikuwa sijamwamkia. "Marahaba. Hakuna kuruka," akarudia.

Ushauri una sura ya busara, na ndiyo maana unapoteza watu. Namba moja yenyewe ni ya Septemba 1963, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Vijana watano, wote weupe, shule ya bweni, mwalimu kipara kwenye kiti cha magurudumu. Nilizisoma nikiwa sekondari, na nasema bila aibu kwamba nilisinzia. Hata wenyewe Wamarekani walisinzia: mwaka 1970, kufika namba 66, hadithi mpya zikakoma. Lakini namba hazikukoma! Kuanzia 67 mpaka 93 walikuwa wanachapa tena hadithi za zamani na kuzibandika namba mpya. Viporo. Matoleo 27 ya viporo vilivyopashwa moto. Dogo akifuata amri ya babu, atasoma hadithi, kisha aisome tena akidhani kichwa chake kimeanza kusumbua.

Na hilo si baya kuliko yote. Mwaka 1975 ndipo mambo yalipogeuka. Len Wein na Dave Cockrum wakatoa toleo moja nene, Giant-Size X-Men, nalo likapewa namba 1 yake peke yake. Humo mwalimu anazunguka dunia kukusanya kikosi kipya: Mjerumani mwenye mkia, Mrusi anayegeuka chuma, yule mkorofi wa Kanada mwenye kucha, na mwanamke mmoja wa Afrika Mashariki ambaye watu wanamwomba mvua. Storm. Jina la nyumbani Ororo. Baada ya toleo hilo hadithi inaendelea kwenye namba 94. Ukihesabu 92, 93, 94 kwa uaminifu wako wote, umepita mlango alioingilia Storm na hukuuona. Unakuta tu watu wapya wamejaa sebuleni wanakunywa chai.

"Wa Afrika Mashariki wapi?" mzee akauliza.

Hapo nilijua nimechokoza nyuki. Nikamweleza nilivyokumbuka: baba mpiga picha wa Marekani, mama binti wa kifalme wa Kenya, wakafia Cairo, nyumba ikawaangukia wakati wa vita vya Suez. Mtoto akabaki chini ya kifusi, na mpaka leo hawezi kukaa mahali pamebana. Alipokua akashuka kwa miguu kutoka Misri, akavuka jangwa, akafika Serengeti. Hayo yote yamo kwenye namba 102, ya 1976.

"Akafika wapi?"

"Serengeti, babu."

"Sasa Kenya imeingiaje?"

Toleo la 1975 linamkuta juu ya jiwe lake na limeandika wazi kuwa hapo ni Kenya. Mzee akasonya. Si msonyo mdogo huu wa foleni ya maji. Alisonya msonyo wa kuvuta tangu kifuani, mpaka muuza kahawa akageuka kuangalia kama mkaa wake umepata maji. "Mlima tulishazoea," akasema. "Kila mwaka mlima wao. Leo na mvua ya Serengeti nayo ya kwao?"

Fundi redio akajaribu kusema kwamba nyumbu wenyewe huvuka mpaka kila mwaka bila pasipoti. Hakusikilizwa.

Nikaona nimpoze kwa swali. "Babu, wewe ulikuwa unamsoma Spear. Ulianza na namba ngapi?"

Uso ukalainika. Wa umri wake mnamjua: Lance Spearman, steringi wa African Film, zile riwaya za picha za kampuni ya Drum zilizosambaa hapa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Hazikuchorwa, walipiga picha watu halisi, maneno yakawekwa kwenye viputo. Spear mweusi, kofia ya Panama, tai ya kipepeo, sigara nene, gari la michezo, na kila jambazi anajuta. Aliyevaa uhusika ni Jore Mkwanazi, mtu wa Afrika Kusini. Hapa kwetu Faraji Katalambula, yule wa Simu ya Kifo, akahariri Film Tanzania, riwaya za picha kwa Kiswahili.

"La kwanza kulishika," mzee akasema, "halikuwa na jalada. Wala kurasa nne za mbele. Kaka yangu alilipata kwa mtu, huyo mtu kwa mtu. Linaanza Spear kafungwa kwenye kiti."

"Nani kamfunga?"

"Nitajuaje? Ziliisha kurasa hizo. Nilisoma hivyohivyo akafunguka."

"Kwa hiyo ulidandia."

Kijiwe kikacheka. Mzee akacheka pia, ila kidogo. Na lililofuata si la kucheka sana. Alikuwa na Sani, akasema, tangu enzi ya mchoraji Philip Ndunguru: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge, Pimbi. Rundo zima chini ya kitanda. Kwa wadogo zangu: Sani ni jarida lililopewa jina kwa kuunganisha waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na hakukuwa na saluni ya Dar isiyokuwa nalo. Ndunguru alifariki 1986 akiwa bado kijana. Wahusika wake hawakufariki, wachoraji wengine wakawapokea. Mzee anasema yeye hakuhitaji tarehe. Ukimpa ukurasa mmoja tu wa Ndumilakuwili, hata umechanika, anatazama mkono wa mchoraji na anakwambia huu ni wa kabla au wa baada. Nilimwamini. Nimewahi kumwona akitambua fundi aliyeshona kanzu kwa kuangalia kola.

Rundo liko wapi? Lilifungia karanga. Marehemu mama mkwe wake alikuwa anauza karanga, na karatasi ya jarida inashika umbo vizuri kuliko ya gazeti. Hivyo watu wa Temeke wamewahi kula karanga kwenye historia ya katuni Tanzania, shilingi kadhaa kwa pakiti, wakatupa historia mtaroni. Wenzetu wana namba 1 kibao kwa sababu wanauza. Sisi tungepewa leo orodha kamili ya Sani toka la kwanza, tungeikagulia kwenye rundo gani? Katuni ya Chakubanga ilichekesha nchi nzima kwenye gazeti la Uhuru. Nionyeshe kijana mmoja wa kijiweni mwenye hata ukurasa wake mmoja.

Basi. Dogo alikuwa bado anasubiri jibu lake, na injini ya bodaboda ilishapoa. Nikampa mpangilio wangu, anayetaka kubisha abishe: achana na 1963, utairudia ukizeeka. Anza na lile nene la 1975. Nenda 94, usiruke, mpaka 143, hapo ndipo mwandishi Chris Claremont na mchoraji John Byrne walipikia chakula kitamu. Kifo cha Jean kimo humo. Endelea na Claremont kadiri pumzi inavyoruhusu, alikaa mpaka 1991, miaka kumi na sita. Akiondoka yeye, nawe shuka kituoni. Za mbele zisome moja moja ukizikuta, kama kashata.

"Na hii 201 yangu?"

Hiyo anayo tayari, si ya kufichwa. Tukaifungua chini ya taa ya muuza kahawa. Ndiyo ile ambayo Storm kanyoa kiduku, nguvu zake za mvua zimeshapotea, hana hata wingu. Yeye na Scott wanapigania nani aongoze kikosi, mmoja ana miale ya kupasua ukuta, mwingine ana mikono miwili tu. Storm akamzunguka Scott, akamvizia, akamvua miwani yake. Kesi imekwisha, mkuu wa kikosi ni yeye. Dogo alikuwa ameisoma mara tatu na hakuelewa kwa nini mama wa mvua hana mvua. Mzee alitazama picha hiyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu ndiye wa Serengeti?"

"Ndiye."

"Bila mvua kampiga mwanamume mwenye moto." Akavua kofia yake, akaivaa tena. "Kesho lete la mwanzo. Na msiruke hata ukurasa."

Kesho yake dogo alikuja na lile nene la 1975 kwenye simu, alivyolipata sikumuuliza. Mzee akavaa miwani ya kusomea, akashika simu kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Mjerumani akapita, Mkanada akapita. Tukafika kwenye jiwe, watu wamepiga magoti, mwanamke mwenye nywele nyeupe kanyoosha mikono, na pale juu pembeni maandishi yanataja Kenya.

Mzee akasogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Akasonya.

"Futa hapo, andika Mara."

"Babu, haifutiki."

"Basi ruka hiyo, twende inayofuata."